Kufunga kulabu ya trela kwenye gari lisilo na shasi

Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi nakataa kuchomelea kulabu ya trela nyuma ya gari ndogo, hata mtu akiwa na pesa mkononi. Wengine wanasema ni maringo ya diploma. Basi leo nieleze, maana jambo lenyewe si gumu, ila wengi tunalifanya vibaya, na mimi nililifanya vibaya kabla sijalifanya vizuri.

Ninaposema kulabu nasema kile chuma cha nyuma ya gari, chenye tufe mwishoni, ambacho trela inakaa juu yake. Hapa kwetu wengi tunakiita krosheti, na trela tunaiita remoruki. Ni kitu kimoja.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 kupe. Si yule kupe wa kwenye sikio la ng'ombe! Kupe kwa maana ya gari la milango miwili, la chini chini, lililochorwa na Pininfarina wa Italia na kuanza kuuzwa mwaka 1969. La huyu mzee ni la enzi ya Zaire. Yeye alifanya kazi kwenye reli mpaka akastaafu, na gari akabaki nalo kama watu wengine wanavyobaki na saa ya ukutani. Mtoto wake alikuwa mwenzangu wa masomo, na mwaka ule alikuwa hajapata pesa za kutetea memwari yake. Mzee alikuwa na mtumbwi wa injini, na ndagala walikuwa wanapatikana. Kazi ilikuwa kuwatoa ufukweni na kuwafikisha sokoni. Pikipiki inabeba kidogo, na lori la kukodi linakula faida yote. Trela ndogo ya magurudumu mawili alikuwa nayo nyumbani, chini ya mwembe.

"Injenyere," akaniambia, "trela iko, gari iko. Kunabakia paka kulabu. Na hii gari ilishindaka Safari, unajua?"

Hapo hakudanganya. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally ya Kenya kwa 504 kupe yenye injini ya V6. Ya mzee ina injini ya kawaida ya silinda nne, lakini nani angembishia? Mimi mwenyewe nilifurahi. Nilikuwa nimemaliza masomo miezi michache tu, na nilitaka watu waone kwamba nimesoma kitu.

Tulifanya hivi. Tukachukua chuma kipana kama kiganja, tukakikunja, tukakiwekea tufe, kisha fundi wa kuchomelea akakigandisha kwenye bati la nyuma, chini ya bampa, katikati. Mshono ulikuwa wa sentimita 10 kwenda chini, mzuri kwa macho, hauna tundu hata moja. Nikasimama juu ya kulabu, nikaruka mara tatu. Haikutikisika. Mzee akalipa, tukanywa soda.

Wiki tatu baadaye, akirudi kwa barabara ya Kabimba na mzigo unaopita kilo 500 ukihesabu na trela yenyewe, gari liliingia kwenye shimo, likatoka, na trela haikutoka nalo. Kulabu iling'oka na kipande cha bati, ikaenda mtaroni pamoja na trela. Juu ya makreti alikuwa amekaa mtoto wa jirani, mvulana wa darasa la sita, ambaye kazi yake ilikuwa kushikilia turubai. Mkono wake wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko.

Nilipofika kwa mzee jioni ile nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniambia, "Kulabu ulifunga weye. Lakini mutoto, ni miye nilimupandisha." Afadhali angenitukana.

Kesho yake nililala chini ya lile gari nikaangalia pale palipochanika, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mshono wetu ulikuwa mzima kabisa. Kilichochanika ni bati, pembeni tu mwa mshono, kwa kuufuata ukingo wake kama vile karatasi inavyochanika kwenye alama ya kukunja. Na ule mpasuko ulikuwa wa rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, imeshaanza kushika kutu na vumbi. Sehemu nyingine ilikuwa inang'aa, mpya. Maana yake bati halikuchanika siku ile tu. Lilianza zamani, pengine kwenye wiki ya kwanza, likawa linaendelea kidogo kidogo kila gari linaporuka, na siku ya shimo likamalizia kipande kilichokuwa kimebaki. Hii tulifundishwa darasani: uchovu wa chuma. Nguvu ndogo isiyoweza kuvunja kwa mara moja inavunja ikirudiwa mara elfu. Mimi niliruka mara tatu nikaridhika!

Sasa tueleze kwa nini bati lilichoka.

Lori, Land Cruiser ya kazi na pikapu nyingi zina shasi: mihimili miwili mirefu ya chuma kinene kutoka mbele hadi nyuma, na mwili wa gari umekalia juu yake. Ukifunga kulabu kwenye shasi unafunga kwenye mifupa. Lakini gari ndogo nyingi, na 504 kupe imo, hazina mifupa ya namna hiyo. Mwili wenyewe ndio unaobeba. Ni mabati yasiyofika hata milimita 1 na nusu, mengi hayafiki 1, yaliyokunjwa na kuunganishwa mpaka yakawa kama kopo. Kopo la maziwa likiwa zima unaweza kulikalia. Ukilibonyeza kwa kidole ubavuni, linabonyea. Nguvu yake iko kwenye umbo. Bati la nyuma chini ya bampa ni ule ubavu wa kopo: kazi yake ni kufunika buti na kushika taa. Sisi tulilipa kazi ya kubeba trela.

Watu wengi wanafikiri kazi kubwa ya kulabu ni kuvuta. Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Chukua trela ya kilo 400. Kuipandisha mlima wa mita 10 kwa kila mita 100 kunahitaji mvuto wa kama kilo 40, ukiacha msuguano wa matairi. Mtu mmoja mwenye nguvu anauweza. Sasa funga breki kwa nguvu ya kawaida ya dharura, ambapo gari linapunguza mwendo mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Trela haina breki zake, kwa hiyo inakusukuma kwa kama kilo 200. Mara tano ya kupanda mlima! Ikiwa ni kwenye mteremko, ongeza zile 40 tena. Basi kulabu inasukumwa kwa nguvu kuliko inavyovutwa, na juu ya hayo inabonyezwa chini na kuinuliwa juu kila shimo, siku nzima. Kwa barabara zetu, hii ya juu na chini ndiyo muuaji.

Mji huu una historia yake na mambo ya kuvuta, na mara nyingi naikumbuka nikiwa chini ya gari. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kuja kupigana na meli za Wajerumani kwenye ziwa letu. Kila boti ilikuwa na urefu wa mita 12 na uzito unaopita tani 4. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda kwa reli hadi Fungurume huku Katanga, na hapo reli ikaisha. Kutoka Agosti mpaka mwisho wa Septemba zilivutwa porini zaidi ya kilomita 200, juu ya milima ya Mitumba, hadi Sankisia ambako reli inaanza tena. Mbele walitumia matrekta mawili ya mvuke. Trekta zikishindwa, wakafunga ng'ombe na kamba za puli. Watu wa nchi hii walifyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Baadaye zikashuka Lualaba hadi Kabalo, zikapakiwa kwenye treni hadi hapa Lukuga, na tarehe 26 Desemba zikaikamata meli ya Kijerumani Kingani. Kwenye kijiwe wazee wanapenda kusimulia habari ya vita. Mimi ninachofikiria ni ile Mitumba. Mlima unaopandwa lazima uteremkwe, na tani 4 zile zile sasa ziko mgongoni kwako. Hakuna aliyefunga Mimi kwenye bati.

Turudi kwenye Safari, maana mzee alirudia hoja hiyo mara nyingi. Ni kweli gari za mashindano zina pete mbele na nyuma za kuvutia. Lakini pete ile ni ya kutolewa kwenye tope: inavutwa kwa dakika tano, kwa kunyooka, na haibebi uzito wowote kwenda chini. Kulabu ya trela inabeba sehemu ya mzigo masaa yote. Mtu akikuonyesha pete chini ya gari lake na kusema "funga hapa, kiwanda chenyewe kiliweka", mkatalie kwa heshima.

Mara ya pili tulichukua siku nne badala ya alasiri moja. Siku ya kwanza nzima ilikuwa ya kutafuta chuma kizuri kwenye gari. Chini ya sakafu ya buti, kushoto na kulia, kuna mihimili miwili ya sanduku inayokwenda mbele kuelekea mahali ekseli ya nyuma inaposhikwa. Tunaita lonjero. Hiyo ndiyo iliyo karibu na mifupa katika gari la namna hii. Tukaigonga kwa nyundo ndogo na kuichoma kwa bisibisi yenye ncha, sentimita kwa sentimita. Pakilia kavu, pazuri. Pakilia kama kibuyu chenye maji, au bisibisi ikizama, hapo ni kutu. Ziwa letu halina chumvi, ndiyo bahati yetu. Ndugu wa Mombasa na Dar es Salaam wenye magari ya umri huu wangelia. Hata hivyo tope lilikuwa limejaa ndani ya lonjero ya kushoto kwa miaka, na likaacha tundu la ukubwa wa sarafu. Tukakata, tukaweka kipande kipya, tukachomelea hapo, ndiyo, hapo kuchomelea kuna maana, na betri tukaitoa kwanza. Kabla ya kuwasha moto au kutoboa tundu lolote huko nyuma, jua tangi la mafuta liko wapi na mabomba ya breki yanapita wapi. Nimeona mtu akitoboa bomba la breki. Aligundua kwenye mteremko wa kwanza.

Kisha tukatengeneza bomba la mraba linalopita kutoka lonjero moja hadi nyingine, na kutoka kwenye bomba hilo mikono miwili inayokwenda mbele chini ya lonjero, kila mmoja na buloni mbili zilizoachana sentimita 50. Kwa nini 50? Hapa ndipo hesabu inapoleta faida. Tulipopima jinsi mzee alivyokuwa anapakia, pua ya trela ilikuwa inabonyeza tufe kwa kilo 90, maana aliweka mapipa na injini ya mtumbwi mbele. Kwenye shimo, tuseme inakuwa mara tatu, 270. Kulabu yetu ya kwanza ilitokeza sentimita 20 nyuma ya bati na ilishikwa kwa mshono wa 10 tu. Zidisha 270 kwa 20, gawa kwa 10: kilo 540 zinavuta sehemu ya juu ya mshono, kwenye bati moja jembamba. Sasa kulabu mpya. Tufe liko sentimita 40 nyuma ya buloni ya kwanza, lakini mkono una 50 za kujishikia. Zidisha 270 kwa 40, gawa kwa 50: 216 kwenye buloni za mbele, na kwa kuwa ni pande mbili, 108 kila upande. Buloni za nyuma zinapata zaidi, kama 243 kila upande, lakini ziko kwenye sanduku, haziko kwenye bati la ubavuni. Mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni urefu wa mshiko. Kila mwanamke anayebeba mtoto mgongoni anajua kwamba kitenge kipana kinabeba na kamba nyembamba inakata.

Na msifikiri tatizo ni buloni. Buloni ya M12 iliyoandikwa 8.8 kichwani inahimili karibu tani 5 kabla ya kuanza kurefuka. Ile 8 ya kwanza inasema nguvu ya kuvunjika, megapaskali 800, na ya pili inasema inaanza kulegea ikifika asilimia 80 ya hiyo. Isiyoandikwa kitu kichwani iache dukani. Lakini hata ukiwa na buloni ya dhahabu, ukiikaza kwenye bati tupu itapita katikati kama kidole kwenye ugali. Kwa hiyo kila buloni ilipewa kibati cha milimita 5 juu na chini, kipana kuliko kiganja, ili nguvu isambae. Na ndani ya lonjero, kwa kila tundu, tukaingiza kipande cha bomba dogo kinachofika kutoka ukuta wa chini hadi wa juu, buloni ikapita ndani yake. Bila bomba hilo, ukikaza buloni unakunja sanduku lenyewe. Utafikiri umekaza, kumbe unabonyeza kopo, na baada ya wiki buloni inacheza. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani gari likishafungwa. Ukiniuliza mimi, ndiyo nusu ya kazi.

Kukaza nako kuna kipimo: M12 ya 8.8 inataka kama niutoni-mita 80. Spana ya kipimo hatukuwa nayo, na aliyekuwa nayo alitaka kuikodisha kwa bei ya kuinunua. Tukatumia mizani ya samaki. Ile ya kuning'iniza, ya ndoano, anayopimia ndagala. Ukishika mpini wa spana mahali palipo sentimita 40 kutoka kwenye buloni, ukauvuta kwa mizani mpaka isome kilo 20, umefika 80 hivi. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hata buloni inapimwaka kama samaki!"

Mizani hiyo hiyo ndiyo inayopimia pua ya trela. Pakia trela kama utakavyosafiri, iweke mahali tambarare, ining'inize pua kwenye ndoano kwa urefu wa tufe, soma. Tunataka kama kilo 30 hadi 40 kwa trela ya 400. Ikizidi, mkia wa gari unazama na mbele panakuwa pepesi: kwenye kupe hii, ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.55 na tufe liko mita 1 nyuma ya ekseli, zile kilo 90 za mzee zilikuwa zinaondoa kilo 35 kwenye magurudumu ya mbele na kuongeza 125 nyuma. Alikuwa ananiambia usukani umekuwa laini, anafurahi! Na kwa kuwa 504 hii kila gurudumu la nyuma linajitegemea, likibonyezwa sana magurudumu yanapanuka chini kama miguu ya mtu aliyebeba gunia, na matairi yanaliwa upande wa ndani. Pua ikiwa nyepesi mno ni mbaya zaidi. Trela yenye mzigo nyuma ya ekseli yake inaanza kutikisa mkia kama samaki, na ukishika breki ndiyo inazidi. Injini ya mtumbwi sasa inakaa juu ya ekseli, mapipa nyuma yake kidogo, makreti mbele.

Jambo dogo ambalo limewaponza wengi: tufe si moja. Trela zilizotoka Ulaya zinataka tufe la milimita 50. Za Kimarekani nyingi ni inchi 2, yaani 50.8, na ziko za inchi 1 na 7/8, ambazo ni chini ya 48. Kwa macho zote sawa. Kofia la 50 juu ya tufe la 48 litakaa, litafunga, na litaruka. Pima kwa kalipa. Urefu wa tufe kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo, uwe kati ya milimita 350 na 420, na trela ikae sawa, isitazame mbinguni.

Taa sitazisema sana. Trela iwe na taa za breki na za kukata kona, waya upite ndani ya mpira. Ukiona taa za gari la zamani zinakonyeza haraka kuliko kawaida baada ya kuunganisha, ni lile kopo lake la kukonyeza limeongezewa mzigo, badilisha liwe la trela. Mnyororo wa usalama ufungwe kwenye bomba la mraba, usiufunge kwenye tufe, na ikiwa ni miwili ipishane chini ya pua ili trela ikichomoka pua idakwe. Sisi mara ya kwanza hatukuweka mnyororo kabisa. Nisingependa kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kipimo cha juu tuliweka kilo 400, trela na mzigo pamoja. Ulaya kanuni ya trela isiyo na breki ni isizidi nusu ya uzito wa gari, na kwa vyovyote isipite 750. Kwa nusu hiyo kupe ingeruhusiwa kama 600. Lakini kanuni hiyo iliandikiwa lami. Nilichora mstari wa rangi nyeupe ndani ya trela: makreti yakifika hapo, basi. Na hakuna anayekaa juu yake, hata kwa mita 100, hata mvua ikinyesha.

Mzee alifuata kwa miezi mitatu. Kisha akaja na wazo la kuvuta mtumbwi wenyewe, wa mbao, umelowa, kuupeleka kwa fundi. Nikamwambia, "Papa, hapana. Ule peke yake unapita kipimo." Akanuna siku mbili, akasema vijana wa siku hizi wanaogopa kila kitu, kisha akatafuta lori. Mwenzangu alitetea memwari yake, na pesa zilitoka kwenye ndagala. Yule mvulana mkono wake ulipona, ila haunyooki mpaka mwisho, na akiandika ubaoni unaona.

Yeye ndiye anayekagua. Kwenye kila nati nilipiga mstari wa rangi unaovuka kutoka nati hadi kwenye kibati, ili ikilegea mstari uvunjike. Baada ya kilomita 50 za kwanza tulikaza zote upya, na tangu hapo kila Jumamosi analala chini ya kupe na tochi ya simu anahesabu mistari minne. Jumamosi iliyopita alikuta wa nyuma, upande wa kushoto, umehama kama nusu milimita. Akaniita. Tukaenda kuchukua mizani.